Umepunguzwa tumbo mbali, unarudi Karagwe: hatari za kujua mapema

Mkazi wa Karagwe au Kyerwa anayetaka kupunguza uzito hospitalini kwa kawaida husafiri: Mloganzila kule Dar es Salaam, Kampala, Nairobi, hata India. Daktari anabaki huko, wewe unarudi Kayanga au Nkwenda. Kwa hiyo mpango wa dharura uupange kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwanza ujue umefanyiwa nini. Upasuaji mmoja hukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kubakiza mrija mwembamba. Mwingine hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Puto si upasuaji: huingizwa kwa mdomo, na mara nyingi hutolewa baada ya miezi 6. Maji ya puto nyingi hutiwa rangi, hivyo mkojo ukigeuka wa bluu au kijani, puto linavuja. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani likishuka linaweza kuziba utumbo.

Hatari kubwa ni ipi? Katika wiki za mwanzo ni mshono wa ndani kuvuja. Moyo hukimbia hata ukiwa umelala, tumbo huuma, homa hupanda, na wengine huumwa bega la kushoto. Hapa kwetu mwenye homa hupimwa malaria kwanza, na ni sawa. Lakini hata kipimo kikionyesha malaria, sema waziwazi kwamba umepasuliwa tumbo. Malaria na mshono unaovuja vinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Hatari nyingine ni damu kuganda. Kutoka Dar es Salaam hadi Kayanga ni zaidi ya kilomita 1,300, na kukaa kwenye basi saa nyingi huongeza hatari hiyo. Usisafiri mpaka daktari akuruhusu. Njiani shuka utembee kila basi linaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, usingoje kesho.

Kutapika nako hudharauliwa. Ukitapika kila unachokula kwa siku mbili, nenda hospitali. Kutapika kukiendelea, mwili huishiwa vitamini B1 ndani ya wiki chache: miguu inakufa ganzi, unapepesuka, unaona vitu viwili viwili, akili inachanganyikiwa. Kabla ya kuwekewa dripu ya sukari, mkumbushe mhudumu kuhusu vitamini B1, maana sukari ikitangulia inaweza kuzidisha madhara.

Kwenye duka la dawa usinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya mgongo au kichwa, kwa sababu huchimba vidonda kwenye tumbo lililopasuliwa. Omba parasetamoli. Sigara nayo huleta vidonda hivyohivyo.

Chakula je? Maharage na ndizi vitarudi polepole, baada ya wiki za vinywaji na vyakula laini. Soda na uji wenye sukari nyingi vinaweza kukuletea jasho, kizunguzungu na kuharisha. Rubisi, pombe ya ndizi, itakulewesha haraka kuliko zamani. Mimi ningeiacha kabisa. Vitu vizito navyo, kama ndoo ya maji na mkungu wa ndizi, wabebe wengine mpaka daktari akuruhusu.

Gharama haziishii kwenye upasuaji. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha yote, na damu hupimwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Hesabu pia nauli za kurudi kliniki. Uliza NHIF au bima yako inalipia nini, upate jibu kwa maandishi kabla ya kutoa fedha. Kuhusu uzazi, mwanamke asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kubeba mimba, na aulize njia ya uzazi wa mpango, kwani vidonge vya kuzuia mimba huenda visifanye kazi vizuri.

Dharura ikitokea, aliyeko Karagwe aanzie hospitali ya Nyakahanga, wa Kyerwa aanzie hospitali ya Isingiro. Kutoka hapo rufaa ni Bukoba au Bugando, Mwanza. Beba barua inayotaja aina ya upasuaji, tarehe, na namba ya simu ya daktari wako. Namba hiyo iwe pia kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani, kwa sababu siku ya dharura huenda usiweze kuzungumza.