Somo la Afya: Vidonda vya Kulalia

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu akivunjika uti wa mgongo kazini huweza kulala kitandani miezi. Uzito wa mwili hukandamiza ngozi penye mfupa: kisigino, nyonga, chini ya kiuno. Damu haipiti, nyama hufa, kidonda huchimba hadi mfupani.

Siku hizi hospitali nyingine humbandika mgonjwa kifaa kidogo kifuani; huwajulisha wauguzi kwamba wakati wa kumgeuza umefika. Lakini kifaa hakigeuzi mtu, mikono ndiyo hugeuza. Kwa hiyo tudai wauguzi wa kutosha. Nasi tunaouguza, tumgeuze kila saa 2 hivi, kama muuguzi alivyotuonyesha. Ngozi nyeusi huficha wekundu, basi tupapase: pakiwa na joto au pagumu, tumwite muuguzi mara moja.