Sindano ya Kupunguza Uzito Wakati wa Maradhi: Kuacha au Kuendelea?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu msomaji, somo letu safari hii limetokana na swali nililoulizwa nyumbani Nyakiriba, wilayani Rubavu, mwezi wa Oktoba 2024. Tarehe 27 Septemba Rwanda ilikuwa imetangaza kuzuka kwa ugonjwa wa Marburg, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotajwa mwanzoni. Kila aliyepata homa au kutapika alitazamwa kwa hofu.

Swali lenyewe

Mama mmoja jirani yetu alikuwa akijidunga sindano ya kupunguza uzito kila Ijumaa kwa muda wa miezi mitatu. Daktari alikuwa amemwonya kuwa uzito wake na presha vinahatarisha moyo. Dawa yenyewe, hata hivyo, hakuandikiwa na daktari. Aliletewa na ndugu yake anayefanya kazi Dubai. Usiku wa Alhamisi moja alikuwa ametapika na kuharisha kwa siku mbili, hata maji hayakai tumboni. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma dini, kesho nijidunge au niache?"

Watu wa nyumbani walikuwa tayari wameshajibu. Mumewe alisema aendelee, kwa sababu dawa imegharimu pesa nyingi na kupoteza mali ni haramu. Shangazi yake alisema aache kabisa, kwa sababu sindano hiyo ni kubadilisha umbile la Allah. Mdogo wake alisema anyamaze na kumtegemea Allah, asiende kituo cha afya akatengwa kama mgonjwa wa Marburg. Kila mmoja alishika neno la dini. Basi na tuyapime.

Tuifahamu dawa kwanza

Wanazuoni wetu wanasema kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Dawa nyingi za aina hii, kama semaglutidi inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, huiga homoni ambayo utumbo huitoa baada ya chakula. Hupunguza hamu ya kula na huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili, na Wegovy mwaka 2021 kwa ajili ya uzito uliozidi.

Madhara yake yanayojulikana zaidi ni kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Mtu akiishiwa maji mwilini, figo zinaweza kuumia. Mara chache kongosho huvimba, na dalili yake ni maumivu makali ya tumbo yanayofika mgongoni.

Jambo la pili la kujua ni kwamba dawa hii haitoki mwilini haraka. Baada ya wiki moja karibu nusu yake bado ipo. Kwa hiyo kuruka sindano moja si kupoteza kazi ya miezi mitatu. Hata hivyo hofu ya yule mama haikuwa ya bure: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa walioacha semaglutidi walirudisha, kwa wastani, theluthi mbili za uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kuiacha moja kwa moja ni uamuzi mzito, na kuisimamisha kwa siku za ugonjwa ni jambo jingine.

Tuyapime majibu matatu

Hoja ya mali. Ni kweli kupoteza mali kumekatazwa. Lakini Imam al-Ghazali alipotaja mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, aliyapanga hivi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mali ilikuja ya mwisho. Dawa iliyobaki kwenye friji haijapotea. Figo ikiharibika ndiyo hasara.

Hoja ya umbile. Kilichokatazwa ni kubadilisha umbile kwa ajili ya kujipamba tu. Kutibu maradhi hakumo, na Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliokithiri kuwa ni ugonjwa sugu. Mwenye haja ya tiba hana dhambi kwa kujitibu. Ama mwenye afya yake anayejidunga ili apendeze harusini, huyo anajitia kwenye madhara bila haja, na hukumu yake si sawa na ya mgonjwa.

Hoja ya tawakkul. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alifika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Aliwataka ushauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, halafu akaamua kurudi. Alipoulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kwa maana kwamba kurudi kwake nako ni qadar ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaleta hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na uamuzi huo. Tawakkul ya Umar ilikuwa na mashauriano ndani yake. Kujificha chumbani huku mwili unakauka hakufanani nayo.

Nani anaamua?

Abu Dawud amepokea kisa cha sahaba aliyepasuliwa kichwa safarini, kisha akapata janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akawafundisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Tuzingatie: watu wale walikuwa wema, na walitaka dini ishikwe. Wema wao haukumponya mwenzao.

Kinyume chake ni Amr bin al-As (R.A.) katika vita vya Dhatus-Salasil. Usiku wa baridi kali alihofia kuoga kungemuua, akatayamamu na kuswalisha, akitoa hoja ya aya ya kutojiua (4:29). Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alicheka na hakumkosoa. Hapa tunapata kanuni mbili: madhara huondolewa, na kuzuia uharibifu hutangulia kuleta manufaa. Madhara ya kukauka maji yalikuwapo usiku ule. Manufaa ya kupungua kilo yangeweza kusubiri.

Kwa hiyo nilimjibu kwamba dini haimlazimishi kujidunga, na wala haimpi mwanafunzi wa dini kazi ya daktari. Asijidunge kesho kabla ya kusema na mtaalamu wa afya, na apige simu 114 usiku uleule, aeleze kutapika na aeleze sindano. Alipimwa, hakuwa na Marburg, akatundikiwa maji. Daktari ndiye aliyemsimamishia dawa mpaka apone na apangiwe upya.

Kusema kweli kwa tabibu

Lililomwia zito halikuwa kuacha sindano. Lilikuwa ni kuitaja. Aliona haya. Lakini kusitiri aibu si kumficha tabibu. Marburg nayo huanza kwa homa kali na maumivu ya kichwa, kisha huja kutapika na kuharisha. Mgonjwa anayeficha dawa anampoteza daktari. Anayeficha homa akisema "ni sindano tu" anaweza kumuua muuguzi. Mlipuko ule, uliotangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba 2024, uliwapata watu 66 na kuua 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya.

Mambo ya kushika

1. Ukitapika au kuharisha mfululizo, usijidunge tena kabla ya kumuuliza mtaalamu. Maumivu makali ya tumbo ni ya kwenda hospitali mara moja.
2. Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe, hasa insulini. Kwake kuacha kuna hatari nyingine.
3. Ukikosa sindano kwa wiki mbili au zaidi, usirudie dozi kubwa uliyokuwa nayo. Huenda ukahitaji kuanza na dozi ndogo.
4. Dawa iliyoletwa mkononi haina dhamana. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia.
5. Ukiulizwa swali la afya kwa sababu unasoma dini, toa kanuni ya dini kisha mpeleke muulizaji kwa mwenye fani. Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye elimu (16:43), na katika ugonjwa wenye elimu ni matabibu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliofariki wakihudumia wengine, na atupe elimu yenye manufaa. Wallaahu a'alam.