SOMO: Serikali Ikifungwa, Lawama Abebe Nani?



Mwezi wa Oktoba 2025 neno moja lilizunguka Nakivale nzima, kuanzia Base Camp hadi Rubondo na Juru, likafika mpaka kwenye vituo vya magari vya Mbarara: "Serikali ya Marekani imefungwa." Kila shida ikatundikwa juu ya neno hilo. Chakula kimekatwa? Marekani imefungwa. Mwalimu wa kujitolea hajapata kifuta jasho chake? Marekani imefungwa. Hata kibarua wa ujenzi pale Mbarara, ambaye tajiri wake hajapata kuishika senti moja ya Marekani, aliambiwa asubiri kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana tumeona vema kuandaa somo hili, ili tuelewe kufungwa kwa serikali ni kitu gani, wanasiasa hushindania nini wakati huo, na mfanyakazi aelekeze kidole chake wapi.

Tuanze na tarehe, kwa maana mtu anayetaka kukupunja huchanganya tarehe kwanza.

Amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje ilitiwa sahihi na Rais Donald Trump tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa. Shirika la misaada la nchi yake, USAID, likavunjwa, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 mabaki yake yakawa yamekabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada yake ili ipate fedha za majeshi. Mwezi wa Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likawaondoa wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda katika orodha ya chakula. Na hata kabla ya hapo, tangu Julai 2023, wakimbizi walikuwa wamekwisha kugawanywa makundi matatu kwa kadiri ya shida zao, na kundi la tatu halikupewa kitu.

Sasa, serikali ya Marekani ilifungwa lini? Tarehe 1 Oktoba 2025. Yaani miezi mitano baada ya watu milioni moja kufutwa. Mvua ya Oktoba haiwezi kubomoa nyumba iliyoanguka Mei.

Hatusemi haya ili kuitetea Marekani, la hasha. Tunasema kwamba hayo ni mambo mawili mbali mbali. Amri ya Januari ilikuwa uamuzi: mtu alikaa mezani, akachukua kalamu, akachagua. Kufungwa kwa Oktoba kulikuwa ugomvi wa vyama viwili ambamo kila kimoja kilitaka kionekane hakikuchagua. Wenye uamuzi wa Januari walinufaika sana Oktoba, kwa sababu lawama za jambo la kwanza zilimezwa na kelele za jambo la pili.

Sasa tueleze serikali hufungwaje. Katika Marekani mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Ipo sheria ya zamani, mizizi yake ni ya mwaka 1884, inayokataza ofisi ya serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha. Kwa miaka mingi, fedha zikichelewa ofisi ziliendelea tu na kazi. Mwaka 1980 na 1981 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti akatoa tafsiri kali: pasipo idhini ya Bunge, kazi isimame, isipokuwa ile ya kulinda maisha na mali. Tangu hapo wanasiasa wakapata silaha mpya. Anayetaka jambo lake huikamata bajeti mkononi na kusema, "Nipeni hiki, ama milango ifungwe."

Lakini silaha hiyo ina kasoro moja, nayo ni kwamba humrudia yule anayeonekana kuishika. Mwaka 1995 na 1996 wabunge wa Republican chini ya Newt Gingrich walishindana na Rais Bill Clinton, na mara ya pili serikali ikafungwa siku 21. Wananchi wengi waliwalaumu wabunge, na Novemba 1996 Clinton akachaguliwa tena. Desemba 2018 Trump, mbele ya kamera, aliwaambia viongozi wa Wademokrati kwamba yeye ataona fahari kuifunga serikali kwa ajili ya ulinzi wa mpaka, na kwamba hatawalaumu wao. Alijitwisha mzigo mwenyewe. Siku 35 baada ya kufungwa, tarehe 25 Januari 2019, waongozaji wa ndege walipokuwa pungufu na safari za New York zikakwama, alikubali kuifungua pasipo kupata fedha za ukuta alizozitaka.

Kwa hiyo ilipofika 2025 kila mmoja alikuwa amejifunza. Warepublikani walikuwa na viti 53 katika Seneti, lakini sheria ile ilihitaji kura 60. Walileta sheria ya muda ya kuendeleza matumizi kama yalivyokuwa, wakasema: "Sisi tunataka milango ibaki wazi, wao ndio wanaokataa." Wademokrati nao walisema: "Nyinyi mnashika Ikulu na mabaraza yote mawili, tena ruzuku ya bima ya afya inakwisha mwisho wa mwaka na mamilioni ya watu watalipishwa zaidi. Iongezeni muda, tutapiga kura." Mtazame jinsi kila upande ulivyokuwa na ukweli kiasi. Ndivyo lawama zinavyotengenezwa, ndugu zetu. Uongo mtupu haudumu sokoni, ila nusu ya ukweli hupata wanunuzi.

Wakati huo wafanyakazi wa serikali zaidi ya laki sita walirudishwa nyumbani bila mshahara, na wengine laki saba na zaidi wakatakiwa kufanya kazi bila mshahara. Wengi wetu tunadhani mfanyakazi wa Marekani ni mtu wa kushiba. Katika wiki zile wafanyakazi wa serikali kubwa namna ile walipanga mstari kupokea chakula cha hisani. Hali kadhalika watu milioni 42 wanaopata msaada wa chakula wa serikali hawakujua kama cha Novemba kitakuja. Mama wa Rubondo aliyefutwa katika orodha angeielewa habari hiyo bila mkalimani.

Lipo jambo moja katika mkasa huo ambalo twataka lijadiliwe katika kila tawi. Katika Wizara ya Elimu ya Marekani, wafanyakazi waliopelekwa likizo bila malipo waliacha ujumbe wa kawaida katika barua pepe zao, kusema hawapo kazini. Wakubwa wao wakaubadilisha ujumbe ule bila ruhusa, ukawa unawalaumu maseneta wa Democratic, huku ukiwa umeandikwa kana kwamba mfanyakazi mwenyewe ndiye anayesema. Chama cha wafanyakazi, AFGE, kikaenda mahakamani, na tarehe 7 Novemba 2025 jaji akaamua kwamba serikali ilivunja haki ya wafanyakazi hao ya kusema, au kutosema, kwa hiari yao. Mfanyakazi alinyimwa mshahara, kisha akaazimwa mdomo bila kuulizwa, ili uchukue lawama za wengine.

Wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani hawana ruhusa ya kugoma. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan aliwafukuza waongozaji wa ndege zaidi ya 11,000 kwa kugoma. Basi chama kinafanya nini kisipoweza kugoma? Tarehe 27 Oktoba 2025 rais wa AFGE, Everett Kelley, alitoa tamko kwamba vyama vyote viwili vimekwisha kusema vya kutosha, sasa ipitishwe sheria ya muda, milango ifunguliwe, na kila mfanyakazi alipwe malimbikizo yake. Tamko lile liliwashtua Wademokrati, maana AFGE huwa upande wao. Tarehe 9 Novemba maseneta wanane wa upande huo walivuka, kura 60 zikatimia, na tarehe 12 Novemba serikali ikafunguliwa baada ya siku 43. Mishahara ikalipwa, na barua za kupunguza wafanyakazi zilizotolewa katika siku zile zikabatilishwa. Ruzuku ya bima haikuongezwa, iliahidiwa kura tu. Kura hiyo ikapigwa Desemba, ikashindwa.

Sisi tunaona Kelley alifanya sawasawa, kwa sababu kiongozi wa chama ameajiriwa na wanachama wake, si na seneta. Lakini wapo wenzetu katika kamati wanaosema aliwaacha wagonjwa ili kuwaokoa wenye mishahara, na hoja yao si ya kutupwa. Tumeshindana juu ya jambo hilo jioni mbili na bado hatujaafikiana.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Wazungu. Jirani zetu Kenya walipita njia hiyo. Mwaka 2020 Seneti ya Kenya ilishindwa, kikao baada ya kikao, kukubaliana juu ya kanuni ya kugawa fedha za kaunti. Kaunti zenye watu wengi zilitaka hesabu ya watu itangulie, zile kubwa za ukame zikasema zitapunjwa. Fedha hazikutoka. Baraza la Magavana chini ya Wycliffe Oparanya likatangaza kwamba kuanzia tarehe 17 Septemba 2020 kaunti zitafunga huduma na hospitali hazitapokea wagonjwa wapya, na hayo katikati ya ugonjwa wa korona. Magavana waliilaumu Seneti, maseneta wakalaumiana wao kwa wao, na wengine wakailaumu Hazina. Siku ile ile ya 17 Septemba maseneta wakakubaliana, baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuahidi nyongeza ya shilingi bilioni 50 katika mwaka uliofuata. Jiulizeni, fedha iliyokuwa haipo miezi yote mitatu ilipatikanaje kwa ahadi ya siku chache? Mwenye funguo alikuwapo tangu mwanzo. Aliyesimama mlangoni akitukanwa na wagonjwa alikuwa muuguzi.

Hapa Uganda serikali haifungwi kwa namna hiyo. Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kuidhinisha matumizi hadi miezi minne, kama bajeti haijapitishwa mwaka wa fedha unapoanza Julai. Basi maradhi yetu ni mengine, nayo ni kucheleweshwa. Kufungwa kuna tarehe, kuna kura, kuna majina ya waliokataa. Kucheleweshwa hakuna tangazo, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa ila karani wa dirishani, maskini, ambaye hata kalamu anaazima.

Hayo ndiyo tuliyoyaona Nakivale. Chakula kilipokatwa, walioitwa wezi walikuwa viongozi wa vijiji na vijana wanaosoma majina. Watu wakawashuku jirani zao: huyu wamemwacha katika orodha kwa nini, sisi wametufuta kwa nini? Mrundi akamtazama Mkongo, Mkongo akamtazama Msomali. Kijana asomaye majina hakuitunga ile orodha, naye katika 2025 alikuwa akihofia kazi yake kama wewe. Ikiwa amekula rushwa, ashitakiwe kwa rushwa. Asishitakiwe kwa amri iliyotiwa sahihi Washington.

Tena kuna mwajiri mmoja Mbarara, hatumtaji, aliyewaachisha wafanyakazi wake Oktoba kwa maneno ya mdomo tu, akisema mfadhili amefungwa. Tulipowauliza, ilionekana mshahara wa Agosti na Septemba nao haujalipwa, miezi ambayo hakuna aliyefungwa popote. Shika neno hili: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haisemi mahali popote kwamba mfadhili akikosana na Bunge lake, mwajiri amesamehewa deni. Aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na hajafikisha mitano hupewa taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Mshahara wa siku ulizokwisha kufanya kazi ni deni. Mahali pa kuupeleka mzozo huo ni kwa afisa wa kazi wa wilaya au wa jiji, na unapokwenda chukua mkataba, au daftari lako la siku ulizofanya kazi, au jina la mwenzako aliyefanya nawe.

Wanachama wakimbizi wametuuliza kama wao wanaruhusiwa kusimama katika mambo haya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na haki ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Inawakataza siasa za nchi. Kudai mshahara wako si siasa. Kuandamana kwa ajili ya mgombea wa chama fulani ni siasa, na anayekushawishi hivyo hatakuwapo siku ya kesi.

Kwa majadiliano ya matawi mwezi huu: Katika kazi yako, ni nani hasa anayetia sahihi fedha za mshahara kutoka? Fuateni mkono mmoja hadi mwingine mpaka mfike kwa yule ambaye akikataa hakuna wa juu yake, na muandike jina la cheo chake. Je, mwajiri wako aliwahi kutoa sababu moja kwa miezi miwili iliyo tofauti? Je, Kelley alipaswa kungoja? Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi yakiwa yameandikwa, kwa Kiswahili au kwa Runyankore, na wasioandika wasaidiwe na wenzao.