Trekta ya Zamani Inapokataa Kuwaka

Mvua zikianza na trekta ikakataa kuwaka, mkulima huona kila siku ipitayo ni hasara. Ndipo aendapo mbio kununua betri mpya, naye akirudi na kuifunga, mashine hukaa kimya vile vile. Fedha zimekwenda na shamba halijalimwa. Katika somo hili twaeleza jinsi ya kuutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Mfano wetu ni Ferguson TE20, ile trekta ndogo ya rangi ya kijivu iliyoundwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956. Zaidi ya 500,000 ziliundwa, na baadhi yake zingali zikifanya kazi. Twazungumza juu ya zile za petroli na za mafuta ya taa. Za dizeli hazina plagi za cheche, na somo lake ni jingine.

Injini yataka mambo matatu: izungushwe kwa nguvu, ipate cheche, ipate mafuta yaliyochanganyika na hewa. Jiulize ni lipi lililokosekana, wala usiguse jingine mpaka upate jibu.

Ikiwa trekta yako ina taa, ziwashe, kisha peleka mkono wa gia kwenye alama ya S, kwani katika trekta hii mkono huo ndio uamshao stata. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu au vifungo vyake ni vichafu. Taa ziking'aa kama kwanza na stata haizunguki, umeme haufiki kwake: tazama swichi yake na ule waya mnene. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 hivi. Lakini kabla ya kuilaumu, fungua vifungo vyake, uvisugue mpaka ving'ae, kisha ufuate waya ule unaofungwa kwenye mwili wa trekta, ukwangue kutu na rangi chini ya nati yake. Watu wengi husahau waya huu, na mara nyingi hapo ndipo penye ugonjwa.

Tia alama waya kabla ya kuzifungua. Trekta hizi zilipotoka kiwandani, ncha ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye mwili, kinyume cha motokaa za siku hizi. Lakini mafundi wamezigeuza nyingi, basi usikisie.

Kuna desturi mbaya ya kuamsha stata kwa kuigusisha spana. Ile alama ya S iliwekwa ili gia zisiwe zimeshikana stata inapozunguka. Mwenye kutumia spana ameiondoa kinga hiyo, naye amesimama karibu na gurudumu. Gia ikiwa imeshikana, trekta itaruka na kumkanyaga.

Stata ikizunguka vizuri na injini isiwake, tafuta cheche. Toa plagi moja, uirudishe kwenye waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, na mwenzako azungushe stata. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Ikiwa hafifu au haipo, fungua kifuniko cha distributa, ukaushe unyevu, usafishe pointi zake. Kama mtu amezing'oa waya za plagi, huenda amezichanganya: silinda hufuatana 1, 3, 4, 2.

Cheche ikiwapo, geukia mafuta. Fungua bomba la tangi, usafishe kikombe cha chujio, utazame kama petroli yafika kwenye kabureta.

Zile za mafuta ya taa zina ugonjwa wao wenyewe. Huwashwa kwa petroli, na zikishapata moto ndipo hubadilishwa. Ukiizima jioni kabureta ikiwa imejaa mafuta ya taa, asubuhi itazunguka mpaka betri ichoke. Basi irudishie petroli dakika chache kabla ya kuizima. Kadhalika, mafuta ya taa yasiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili. Ukiona oili imepanda juu ya alama ya kijiti cha kupimia nawe hukuongeza, nayo yanuka mafuta ya taa, imwage yote utie mpya kabla ya kulima tena.