Kupima Ukali wa Matetemeko ya Zamani

Sisi wa Magara na mwambao wote wa Rumonge tunaishi ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi hapa ilitetemeka kabla hakujawa na mitambo ya kupimia. Tutajuaje ilitetemeka kwa nguvu gani?

Tutofautishe mambo mawili. Ukubwa ni nguvu iliyotoka ardhini. Kila tetemeko lina mmoja tu. Ukali ni athari yake mahali fulani. Mizani ya Mercalli ina daraja 12: vyombo vikigongana kabatini, la 4, waliolala wakiamka, la 5, nyumba dhaifu zikibomoka, la 7 au la 8. Kwa hiyo hata barua ya zamani inaweza kupewa daraja.

Imam as-Suyuti (aliyefariki 911 Hijria, 1505 Miladia) alikusanya habari za matetemeko katika Kashf as-Salsala. Huku kwetu, tarehe 13 Desemba 1910, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga Rukwa, kusini-mashariki mwa ziwa. Mwaka 1991 mtafiti Ambraseys alilichunguza upya kwa taarifa za wakati ule.

Suratul-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki habari. Basi tuulize:

1. Nani kasema? Aliyeshuhudia si sawa na aliyesimuliwa.
2. Nyumba gani? Kibanda cha nyasi hupinda bila kuanguka; ukuta wa matofali ya udongo huanguka mapema. "Hakuna nyumba iliyoanguka" haimaanishi tetemeko lilikuwa dogo.
3. Kwa nini kimya? Kutotajwa si kutotokea. Huenda hapakuwa na mwandishi.

La tatu ndilo linalotugusa. Wazee wetu wanaondoka na walichokiona, na hakijaandikwa. Atakayechora ramani ya hatari atakuta mwambao wetu mtupu, adhani ni salama, na watu wajenge kwa dhana hiyo.

Zoezi: Jumatatu ya tarehe 5 Desemba 2005, saa nane mchana, tetemeko la 6.8 lilitokea chini ya ziwa, karibu na Kalemie. Muulize mzee mmoja: alikuwa wapi, ndani au nje? Nini kilianguka? Nyumba ilijengwa kwa nini? Usimtajie jibu. Andika maneno yake yalivyo, pamoja na kijiji na tarehe ya mahojiano, ndipo umpe daraja. Kisha linganisha na mwenzako.

Wabillahi tawfiq.