Android imebadili ratiba: kagua nini kwenye simu yako

Kwa miaka kadhaa matoleo makubwa ya Android yalitoka kati ya Agosti na Oktoba: Android 13 mwezi Agosti 2022, Android 14 mwezi Oktoba 2023. Mwaka 2025 Google ikabadili ratiba. Android 16 ilitoka tarehe 10 Juni, na toleo dogo la nyongeza likafuata Desemba. Lengo ni kuwawahi watengenezaji, ambao wengi huzindua simu katikati ya mwaka; zamani simu hizo ziliingia sokoni na toleo la mwaka uliopita.

Mkazi wa Mnyuzi, wilayani Korogwe, mwenye simu ya Tecno, Infinix au itel asitarajie toleo jipya kumfikia Juni. Android ni programu huria: Google huuweka msimbo wake hadharani, kisha kila kampuni huuchukua na kuurekebisha kwa simu zake. Hivyo simu yako hufuata ratiba ya aliyeitengeneza. Simu nyingi za bei nafuu hupandishwa toleo mara moja tu. Nyingine hazipandishwi kabisa.

Namba ya toleo isikusumbue sana. Jambo zito zaidi ni sasisho la usalama, linaloziba mianya ambayo wezi hupitia. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu Simu, gusa Toleo la Android, usome tarehe ya sasisho la usalama. Android 13 iliyozibwa mianya mwezi uliopita naiamini kuliko Android 15 iliyotelekezwa mwaka mzima, hasa ikiwa humo mna programu ya benki. Anayetuma pesa kwa menyu ya *150*00# hahitaji Android mpya. Menyu hiyo inafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi.

Sasisho likitokea, chaji simu kwanza na uhifadhi picha zako mahali pengine. Toleo jipya laweza kuzidi GB 1, kwa hiyo subiri bando la usiku au Wi-Fi. Usibonyeze kamwe kiungo cha “sasisho” kilichotumwa WhatsApp au kwa SMS. Sasisho la kweli hulikuta ndani ya Mipangilio.

Simu ya zamani mno nayo ina gharama: tangu Januari 1, 2025 WhatsApp haitumiki tena kwenye Android 4.4.

Ukienda Korogwe mjini kununua simu, mwombe muuzaji aiwashe, usome tarehe ya usalama kabla ya kutoa pesa. Muulize pia itapata masasisho hadi mwaka gani. Simu bandia huweza kuonyesha namba ya toleo ambayo haina, na haitasasishwa kamwe. Kuitambua, piga *#06#, kisha tuma namba ya IMEI itakayoonekana kwenda 15090. Jibu likitaja aina nyingine ya simu, mrudishie muuzaji simu yake.