Mgonjwa wa Kisukari Anapokwenda Kisiwani: Mpango wa Safari kutoka Mbuchi hadi Mafia

Utangulizi

Mgonjwa wa kisukari anahitaji mapumziko kama mtu mwingine yeyote, na kisiwa cha Mafia huwavutia wengi kwa fukwe zake, kwa ndugu wanaoishi huko, na kwa papa potwe wanaoonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Hata hivyo, anayekwenda kisiwani akisahau dawa, huwa ameiacha ng'ambo ya bahari. Somo hili linatumia mfano wa kubuni wa mama mwenye umri wa miaka 58, mkazi wa Mbuchi katika delta ya Rufiji, anayejidunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Anakusudia kuvuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni na kukaa huko siku 7.

Majira na hesabu ya dawa

Watu wa delta wanaijua bahari yao. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka na vyombo huweza kuahirisha safari. Wakati wa kaskazi bahari mara nyingi hutulia, lakini joto huwa kali. Kwa mgonjwa huyu, kusi inaweza kumchelewesha kurudi, na joto la kaskazi linaweza kuiharibu insulini yenyewe.

Kwa hiyo dawa zisihesabiwe kwa siku za matembezi pekee. Kwa safari ya siku 7, ni busara kubeba dawa, sindano na vipimo vya siku 14. Vigawanywe katika mikoba 2 isiyopenyeza maji, na mkoba mmoja usitengane na mgonjwa chomboni. Kadi ya kliniki, kadi ya bima na karatasi yenye majina halisi ya dawa na vipimo vyake vifungwe pamoja.

Kuitunza insulini

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Iliyoanza kutumika kwa kawaida hudumu takriban wiki 4 nje ya jokofu, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Maelezo ya mtengenezaji ndiyo yafuatwe. Pasipo jokofu, chupa iwekwe ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, kisha ndani ya chungu kidogo kilichowekwa katika chungu kikubwa, na mchanga uliolowanishwa ujazwe kati ya vyungu hivyo. Vikae kivulini penye upepo. Kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu, ubaridi hautakuwa mkubwa kama wa bara kavu, lakini husaidia.

Insulini isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda huharibika na haifai tena hata ikiyeyuka. Isiachwe juani wala karibu na injini ya boti.

Siku ya kuvuka

Hatari kubwa siku hii ni kushuka kwa sukari. Mgonjwa akijidunga, akala, kisha akatapika kwa kichefuchefu cha bahari, insulini huendelea kufanya kazi ilhali chakula kimetoka. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

- Dawa ya kichefuchefu ijadiliwe na mhudumu wa afya mapema, nayo imezwe kabla ya kupanda chombo.
- Sukari ipimwe kabla ya kuondoka, njiani na baada ya kufika.
- Mgonjwa asiache insulini kwa uamuzi wake. Aulize mapema namna ya kurekebisha kipimo iwapo atashindwa kula.
- Jasho jembamba, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, anywe maji yenye vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari, kisha apime tena baada ya dakika 15.
- Akipoteza fahamu, asitiwe chochote kinywani. Alazwe ubavu na afikishwe hospitali haraka.

Msafiri mwenzake aelezwe haya kabla ya safari, kwa kuwa mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kujieleza.

Miguu ufukweni

Mwenye ganzi miguuni anaweza kukanyaga kombe, tumbawe au mchanga wa moto bila kuhisi. Avae viatu nchi kavu na majini, na akague nyayo kila jioni. Jeraha lolote lisafishwe na lionwe na mhudumu mapema, pasipo kungoja siku ya kurudi.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Wagonjwa wengi hawataji safari kliniki, wakidhani si habari ya kitabibu. Mhudumu aulize kila anapotoa dawa: “Je, una safari kabla ya tarehe yako ijayo?” Jibu likiwa ndiyo, aongeze dawa za akiba na kupima macho, miguu na shinikizo la damu. Swali hilo linawafaa pia wenye selimundu, kifafa, pumu, na wanaotumia dawa za kufubaza VVU.

Safari iahirishwe iwapo mgonjwa ana homa, anatapika, ana kidonda chenye usaha, au sukari yake haijatulia. Papa potwe hurudi msimu ujao, naye akiwa na afya njema atawakuta.